Paa Moja Hatukulala

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kanisani, na wengine hamkuniuliza kabisa, mmeulizana wenyewe huko mwaloni kwenye mitumbwi nikiwa nimegeuza mgongo. Eti ni kweli Mama Bwire, yaani mimi, alimpeleka mama yake Unguja, wakalala yeye na mama na mume wake ndani ya nyumba moja, mama mkwe chini, mkwe juu? Haya. Nitasimulia mara moja tu, tangu tulipofunga mlango hapa Mugango mpaka asubuhi ile ya kitanda. Atakayeongeza chumvi baada ya hapo, chumvi ni ya kwake.

Habari za tiketi na karatasi naziruka, hazina utamu. Naanza na mama.

Mama yangu wengi mnamwita Nyafuru wa Resti, kwa sababu alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni pale Musoma mjini tangu mimi sijaota meno mpaka magoti yake yalipogoma. Ile miaka sabuni ilipoadimika, alifua kwa maji ya majivu na majani ya mpapai, na mashuka yakatoka meupe vilevile. Alitandika vitanda vya wakaguzi, vya mabwana shamba, vya wazungu wa misheni. Kuvilalia hakuruhusiwa, hata kuvikalia. Siku moja akiwa na mimba ya mdogo wangu aliketi ukingoni mwa kitanda apumue, akafokewa kama mwizi. Sikusimuliwa, nilikuwepo, nimeshika pindo la khanga yake.

Sasa ilipokuja hii ruksa ya biashara, mume wangu Baba Bwire akaingia kwenye mabondo. Yale mafuko ya hewa ya tumbo la sangara ambayo zamani tulikuwa tunawatupiaga mbwa, leo wanunuzi wanayagombania. Mambo yakatunyookea kidogo. Baba Bwire akaniambia, "Muulize mama anataka nini. Bati? Ng'ombe wa maziwa?" Nikaenda kumuuliza. Mama akacheka, akatazama chini kama msichana anayeposwa.

"Ninataka kulala siku moja kwenye shuka alilofua mtu mwingine," akasema.

 Halafu nikaapa moyoni kwamba halitakuwa shuka la gesti ya mjini Musoma, maana huko wanamjua wote, angeamka kuwasaidia kufua. Litakuwa shuka la mbali, kwenye hoteli ambayo hata mkuu wa mkoa akiingia anashusha sauti.

Mugango mpaka Musoma: jinsi nilivyochagua

Hoteli niliichagua mimi, na sijutii. Kwenye duka la mnunuzi wa mabondo pale Musoma palikuwa na kalenda yenye picha za mji wa kale wa Unguja. Baba Bwire alipendelea hoteli moja ya ufukweni yenye vibanda vya makuti vilivyotawanyika. Mimi nikamwambia nyasi hata sisi tunazo, ya nini kuvuka bahari kufuata paa la makuti? Nikamwonyesha ukurasa mwingine: nyumba nyeupe ya kale, ndefu, yenye roshani za mbao na mlango uliochongwa maua, na pembeni picha ndogo ya kitanda. Kitanda kirefu cha nguzo nne, shuka limevutwa mpaka ukiangusha senti inaruka.

"Vyumba vyake viko mbalimbali?" akauliza.

"Hoteli gani haina vyumba mbalimbali?" nikamjibu.

Hapo ndipo penyewe. Wa mbali mkiyasoma haya, eleweni: kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawashikani mikono, hawaonani wakila, na hata mvua inyeshe ya mawe hawalali chini ya paa moja. Si ugomvi, ni heshima. Baba Bwire alikuwa anauliza kama vyumba viko nyumba mbalimbali, kama pale resti ya Musoma ambapo kila chumba kina kibanda chake na bustani katikati. Na mimi nilijibu nikifikiria hivyohivyo. Picha ilikuwa ya mbele tu. Nani wa Mara angedhani nyuma ya mlango ule hakuna kiwanja chenye nyumba nyingine za wageni? Mwenye kujua na ajitokeze.

Siku ya kuondoka tulipanda pikapu ya samaki. Mama mbele kwa dereva, mume wangu nyuma juu ya magunia ya dagaa, mimi katikati ya wawili hao kama daraja. Mama Nyangeta, mke wa mzee wa kanisa, alikuwa kando ya njia na ndoo yake. Akanisimamisha makusudi.

"Mashuka ni mashuka, Mama Bwire," akaniambia. "Mnakwenda kutafuta aibu ya mbali."

"Nikiipata nitaibeba mwenyewe," nikamwambia. "Sitakuita unitwishe."

Dereva akakanyaga mafuta. Mama hakugeuka, ila nilimwona anatabasamu kwenye kioo.

Butiama, kwa shangazi

Mume wangu ni wa Butiama, na mtu wa Butiama haendi safari ndefu bila kupita kwa shangazi yake aliyeko Mwitongo. Tulishuka njia panda, tukangoja gari mpaka jua likatuchoka, tukamalizia kwenye trekta la mtu aliyekuwa anarudi na mahindi. Mama alikaa kwenye tela amejifunika khanga kichwani, mume wangu akatembea kwa miguu nyuma ya vumbi. Nilimhurumia, lakini angepanda, magoti yao yangegusana.

Shangazi ni mama mkavu, mvuta ugoro, na hapendi maneno ya kuzunguka. Alitupa uji wa mtama na viazi, mama akala jikoni na wanawake, mume wangu akala nje. Kisha akaniita pembeni.

"Huko mnakokwenda mtalalaje?"

"Vizuri, shangazi. Hoteli ni kubwa."

"Sikukuuliza ukubwa." Akapiga chafya. "Kuna mambo ya mkwe yanalegezwagwa ukitoa mbuzi. Kukaa chombo kimoja, sawa, mambo ya siku hizi. Lakini kulala paa moja mbuzi wake hajazaliwa. Mama yako akirudi na neno hilo juu yake, hakuna atakayekula harusini kwao tena. Na wewe una wasichana wawili wa kuozesha."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa najiamini vibaya sana siku hiyo.

Bunda, tulipokwama

Basi la kwenda Mwanza lilifika Bunda likakataa kuondoka. Kondakta akasema ni kitu kidogo, fundi anakuja. Fundi akaja, akalala chini ya basi, akatoka na kitu cheusi mkononi, akaondoka nacho kwenda kutafuta kingine kama hicho. Aliyeishi nchi hii miaka ile ya taabu anajua maana ya maneno hayo. Spea inatafutwa kama mganga.

Tukajibanza barazani kwa fundi cherehani mmoja, Mzee Shabani, mswalihina mwenye kofia safi. Babu yake alikuja Bunda na biashara kutoka pwani akaoa palepale, kwa hiyo pwani anaijua kwa kusimuliwa na Bunda anaijua kwa kuishi. Alitutazama mara moja tu, mama amegeukia ukuta huku, mume wangu amegeukia barabara kule, akaelewa. Hakuuliza. Alichukua jora la kitenge alilokuwa hajalikata, akalitundika katikati ya baraza. Chai ikaja na maandazi upande wa mama, ikaja na mihogo upande wa mume wangu, kila mtu akala akatafuna kwa raha yake. Mimi nikala pande zote mbili. Hiyo ndiyo faida pekee ya kuwa daraja.

Nilipomtajia Mzee Shabani hoteli yangu, akaacha kukanyaga cherehani.

"Mwanangu, nyumba za kule hupandana," akasema. "Hazitandawai kama za huku. Mimi ninaye ndugu ana gesti ya chini, vyumba vimezunguka ua, kila kimoja na kibati chake. Nikuandikie kijikaratasi?"

"Mzee, nakushukuru. Ila mama hakutoka Mugango kwenda kulala gesti."

"Gesti ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ni kwamba sisi kila siku tunaambiwa palipo padogo panatutosha. Safari hii tunataka pakubwa."

Akacheka, akaendelea kushona. "Haya bwana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu likivunjika nitachechemea huko huko ghorofani," nikamjibu, na mama upande wa pili wa kitenge akaguna. Kuguna kwake sikukuelewa ni kwa kunikemea au kunisifu.

Basi liliamka kesho yake; usiku ule mimi na mama tulilala ndani kwa Mzee Shabani, Baba Bwire akalala ndani ya basi.

Ndani ya treni

Mwanza hatukukaa. Kwenye treni wanawake wana chumba chao na wanaume chao, nami nilihakikisha hata mabehewa yawe tofauti. Lakini mama hakupanda kwanza. Alisimama jukwaani na fimbo yake, akatazama juu pale behewa letu lilipokutana na behewa la mkwe wake.

"Hayagusani?" akauliza.

"Nini mama?"

"Mapaa."

Nikatazama. Juu kulikuwa na pengo, mbingu inaonekana. "Hayagusani."

"Basi twende," akasema, akapanda.

Chumbani tulikuwa na mama mmoja mnene wa Tabora, mchangamfu, aliyebeba asali kwenye madumu na nasaha kwenye kinywa. Kila mume wangu alipokuja dirishani kuuliza kama mama amekula, alikuwa anasimama amegeuza uso, na mama naye anajifunika. Mama wa Tabora akavumilia mpaka akashindwa.

"Mama yangu," akamwambia mama, "chuki haifai safarini. Msamehe mwanao."

"Sina ugomvi naye," mama akasema.

"Hata kumtazama hutaki!"

"Ninamheshimu."

"Hii heshima gani ya kununiana?" Akanigeukia mimi. "Na wewe umekaa tu katikati unawatazama? Huogopi Mungu?"

Nilimweleza kwa Kiswahili changu chote. Akatikisa kichwa, hakuamini. Treni ilipokwama porini, mahali ambapo hata mbuzi hawajui panaitwaje, yule mama akaona ndiyo nafasi yake. Akamkamata mume wangu mkono akamvuta mpaka mlangoni kwetu ili wapatane. Jamani! Mama akaruka kitandani juu kama msichana, magoti na yote, akajifunika blanketi gubigubi. Mume wangu akajinasua akakimbia kwenye korido akipiga hodi vyumba vya watu. Behewa zima likatoka kutazama. Mama wa Tabora akabaki mikono kiunoni, anasema, "Nyie watu wa Mara mna mambo mazito," kisha akatugawia asali kwa kutuonea huruma. Asali ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima haki yake.

Saranda tulinunua kuku wa kuchemsha. Nusu nikampelekea Baba Bwire. Alikuwa amekaa na wanajeshi wastaafu wanacheza karata. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama amecheka hata kidogo?"

"Amecheka ulipokimbia."

Akafurahi kupita kiasi. Mtu huyu alimpoteza mama yake akiwa mchanga, na mama yangu ndiye aliyemshonea shati la harusi. Hajawahi kumwambia asante uso kwa uso, maana hawezi kumtazama. Safari hii ndiyo ilikuwa asante yake, na ndiyo maana sikutaka iishie gesti.

Kwenye boti

Treni ilipotufikisha pwani tukaenda bandarini, na boti ya Unguja ilikuwa na ukumbi mmoja wenye viti vya safu, na paa moja tu, sina cha kuficha. Niliona mama analikagua. Nikamwambia maneno ya shangazi kwamba kukaa si kulala.

"Najua," akasema. "Kwa hiyo sitalala."

Watu wengine wote walikuwa wanatapika au wanasinzia. Mama yangu alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu Tabora, macho mekundu, lakini alikaa wima akaimba nyimbo za kanisani kutoka bandari mpaka bandari. Kichwa kikianza kuanguka anapandisha sauti. Bwana mmoja mbele yetu akageuka akasema, "Bibi, hapa bahari ni shwari, huna haja ya kuomba hivyo." Mama akamjibu, "Siombi, ninakaa macho," akaendelea na ubeti. Mume wangu alikuwa safu ya mwisho kabisa, na naye hakufumba jicho. Wawili wale waliilinda heshima yao kama askari wa zamu. Sasa nyinyi mnaosema walilala paa moja, mlikuwa boti gani?

Mji Mkongwe

Mji ule wa kale ni vichochoro juu ya vichochoro. Kuta nene, milango yenye miiba ya shaba, baraza za mawe mbele ya kila nyumba, na harufu ya karafuu ikichanganyika na ya mifereji. Tulipotea tukarudi palepale mara kadhaa, na kila tuliyemwuliza alitusindikiza mpaka kona inayofuata kwa upole mno. Mwisho tukauona mlango wa kalenda.  Ulikuwa mkubwa kuliko pichani.

Mume wangu akatangulia na mizigo, mchukuzi akaipokea akapanda nayo, naye akamfuata. Mimi na mama tukafika mezani kwa kijana wa mapokezi. Nilikuwa na kikapu cha sangara wa kukausha, zawadi, maana hatuendi ugenini mikono mitupu. Kijana akavuta pumzi, akatazama kikapu, akatutazama viatu.

"Samahani, mama zangu. Bidhaa za jikoni hupokelewa mlango wa nyuma."

 Nikaweka kikapu juu ya meza yake, palepale kwenye kioo.

"Kijana, mama huyu ametumia milango ya nyuma maisha yake yote," nikamwambia. "Leo sisi si wauza samaki. Sisi ni wageni wako, na jina letu unalo. Samaki hao ni zawadi yako. Sema asante."

Kijana akaona haya. Alikuwa mwana wa watu, si mbaya. Akasema asante, akamwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akatukaribisha ngazini. Mama akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Halafu akasimama.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Amepanda, bibi. Chumba chake kiko ghorofa ya juu, chenu ghorofa ya kati."

"Ngazi ni hii hii?"

"Ndiyo bibi, ni moja tu."

Mama akainua uso. Ukumbi ule umepanda ghorofa juu ya ghorofa, roshani zimezunguka, na huko juu kabisa paa. Moja. Aliondoa mguu wake taratibu, akatoka nje, akaketi kwenye baraza ya jiwe, fimbo katikati ya magoti.

Nikasimama pale nikaona yote: shangazi, Mzee Shabani, kalenda, wasichana wangu wawili.  Hoteli zilizobaki zilikuwa zimejaa wageni, kijana alinihakikishia, na ile gesti ya ndugu yake Mzee Shabani sikuwa nimechukua hata jina lake.

Akaja msimamizi, mama wa makamo anaitwa Bi Salma, amejitanda buibui, amepambika. Nikamweleza. "Wamegombana?" akauliza. Nikasema jamani hawajagombana! Akapendekeza mama alale chini kabisa na mkwewe juu kabisa. Mama akasema paa ni moja. Akapendekeza mama alale leo na mkwe kesho. Lakini kesho tulikuwa na safari ya kurudi.

Ndipo mama aliponyoosha fimbo yake kupitia mlango uliokuwa wazi. Uani, ng'ambo ya kisima, kulikuwa na kijumba cha bati, mashuka yameanikwa mbele yake.

"Kile ni nini?"

"Kwa dobi, bibi."

"Nitalala pale," mama akasema. "Napajua. Mkwe wangu alale kitandani, yeye ndiye aliyehangaika. Mimi nimezoeaga."

Hakulia, hakulalamika. Alisema kama mtu anayeomba maji. Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata, na sikujua ni ya nani, kama ni ya mama, ya desturi, ya nyumba ile au ya yule aliyemfokea Musoma mimi nikiwa mtoto.

"Hapana!" nikapiga kelele, wazungu waliokuwa wanakunywa chai wakageuka. "Hapana mama! Hukuvuka nchi nzima kuja kulala kwa dobi! Desturi nitaifuata mpaka mwisho, lakini haiwezi kuwa kila ikifuatwa ni wewe unayerudi kwenye mabeseni!"

"Usinipigie kelele mbele za watu."

"Nitapiga!"

Baba Bwire alikuwa ameshashuka. Akasimama nyuma ya nguzo, amegeukia ukuta kama inavyotakiwa, akakohoa.

"Mama Bwire," akaniambia, "mwambie mama kwamba mimi nimelala mitumbwini. Nimelala juu ya nyavu zenye maji. Kwa dobi pana paa na pana ukavu, kwangu ni ikulu."

Mama alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini akanigeukia mimi. "Mwambie mkwe wangu nimekataa. Mwanaume hawezi kulala kwa mabeseni kwa ajili yangu."

"Mwambie mama," akasema mume wangu, "mwambie akikataa, na mimi narudi bandarini sasa hivi, na kitanda kile kilale chenyewe. Aliponishonea shati sikukataa."

 Mama akajifunika uso na khanga. Bi Salma alikuwa anageuza kichwa huku na huku baina yao, na nilimwona anaanza kuelewa.

"Lakini mgeni wangu hawezi kulala kwa dobi," akasema. "Nitamwambia nini mwenye hoteli?"

"Mwambie ndivyo wanavyolala wakwe wa Mara," nikamjibu.

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Nyinyi watu wa bara, wallahi!" Akaita watu. Wakapeleka godoro zima kule, na neti, na meza, na taa. Mume wangu aliletewa pilau huko kwenye sinia kama sultani, na dobi mwenyewe, mzee wa maneno mengi, akakaa naye wakala pamoja.

Lakini mama bado hakupanda. Alivuka ua, akakizunguka kile kijumba, akafika mahali ukingo wa bati ulipokaribiana na ukuta wa hoteli. Akainua fimbo yake, akaipitisha katikati, ikaenda ikarudi bila kugusa huku wala kule. Kijana wa mapokezi, Bi Salma, dobi na wale wazungu wa chai, wote wanatazama.

"Yameachana," mama akasema. "Sasa nionyesheni kitanda."

Asubuhi

Kitanda chenyewe kilikuwa samadari ya kale, juu sana, kina kigoda cha kupandia. Mama alinawa miguu, akaikausha, akainawa tena. Akagusa shuka kwa kiganja. Nilidhani atasema pasi haikupita kwenye pindo, au bluu ya kufulia imezidi, maana nilimwona anaona.

"Unalionaje?" nikamuuliza.

"Sikuja kukagua," akasema, akapanda.

Alilala katikati, mikono ameitanua kulia na kushoto, mimi nikajibana ukingoni. Akalia kidogo. Nami nikalia. Halafu akakoroma, mama yangu mstaarabu, akakoroma mpaka nguzo zikaitikia, na jua lilipoingia kwenye roshani bado alikuwa amelala. Sijawahi kumwona mama yangu amelala jua limechomoza. Nilikaa nikamtazama tu.

Alipoamka akaoga, akavaa, akaketi kitini kufunga kilemba. Mimi nikaanza kutandika. Ni mkono tu, ndivyo alivyonilea, kitanda cha watu hakiachwi wazi. Nilikuwa nimeshavuta shuka nusu.

"Acha!" mama akasema.

Nikageuka. Alikuwa amesimama, fimbo mkononi, na sauti yake ilikuwa ile ambayo sikuisikia siku ile alipofokewa Musoma.

"Livuruge tena," akasema. "Kama lilivyokuwa."

Nikalivuruga. Akalitazama, shimo la mwili wake likiwa katikati, mto umebonyea, shuka limeviringana miguuni. Akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akatoka, akashuka ngazi zote bila kunishika mkono. Uani mume wangu alisimama amegeukia ukuta. Mama alipopita nyuma yake alisimama kidogo, akasema hewani, hakumwambia mtu, "Nimelala." Mabega ya Baba Bwire yakatikisika.

Basi ndiyo hivyo. Mkikutana na Mama Nyangeta mwambieni mapaa yalikuwa mawili, fimbo ilipita katikati, na mashahidi wako Unguja. Aibu niliyokwenda kuitafuta sikuikuta. Na kitanda hatukukitandika.